Vyombo Vimetimia

Kama ungetaka kumuudhi Bi Mandari, dawa ilikuwa moja: kuhesabu watu mbele yake. Angekuacha ufike wa tatu au wa nne, kisha angepiga kofi mgongo wa kiti na kuuliza, "Weye wahesabu nini? Hawa ni mbuzi wa Idi?" Aliamini kwamba watu hawahesabiwi. Nazi huhesabiwa, matofali huhesabiwa, lakini watu ukiwahesabu mmoja hupungua. Imani hiyo isingemsumbua mtu mwingine yeyote. Taabu ni kwamba kazi yake, kwa miaka yote niliyomjua, ilikuwa kuwapakia wanawake wa Mji wa Kale ndani ya basi la kukodi alfajiri, kuwapeleka mahali penye hewa nzuri wakale na kutembea, na kuwarudisha magharibi bila kumpoteza hata mmoja. Matembezi hayo ndiyo mandari, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyewe.

Kwa kuwa watu hawahesabiki, alihesabu vyombo. Kila mwanamke alipanda na chakula chake, kwenye sufuria au sinia au hotipoti, kimefungwa kwa leso ambayo Bi Mandari aliijua kama anavyojua mlango wa kwake. Wakati wa kuondoka mahali alisimama kwenye ngazi ya basi na kuita: "Sambusa?" Basi zima likaitikia, "Zipo!" "Mbaazi?" "Zipo!" "Kachumbari?" "Ipo!" Chombo kikiwapo, mwenyewe yupo. Nilipomuuliza siku moja kama ana hakika, alinitazama kwa huruma. "Ni mwanamke gani wa Mombasa," akasema, "atakayekwenda mahali akaiwata sufuria yake?" Nami nikakubali, kwa sababu hata mimi sufuria yangu singeiacha. Akimaliza kuita alisema, "Vyombo vimetimia, twendeni," na dereva akaondoa gari.

Nilimjua kwa dirisha. Nilihamia Mji wa Kale baada ya kupata kazi kwenye duka la dawa Makadara, nikapanga chumba cha juu kwenye nyumba iliyotazamana na yake. Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili isiyo na mvua. Sikuwa nimemaliza kutundika pazia nilipomsikia ng'ambo ya kichochoro.

"Mpangaji! Sabalkheri. Wajua kupika nini?"

Nikamwambia najua kupika vitu vingi.

"Vingi havibebeki. Taja kimoja."

Nikasema muhogo wa nazi.

"Muhogo hatuna. Jumapili twenda Kwale. Ndoo Makadara alfajiri, na sufuria yako."

Nilipong'amua kwamba ndoo yake ni njoo, nikamweleza kwa adabu kwamba Jumapili huwa nakwenda kanisani.

"Na Kwale Mola wako hayuko?" akauliza, akafunga dirisha kabla sijajibu.

Tangu siku hiyo jina langu likafa. Ndani ya basi hakuna aliyekuwa na jina, kila mtu aliitwa chakula chake, na jina la basi lilikufuata hadi mtaani. Leo hii wapo wanawake Makadara wanaokuja dukani kununua dawa ya kikohozi na kuniita Muhogo mbele ya wateja. Bosi wangu alidhani ni jina la ukoo. Namjua mama mmoja, mtu wa heshima, hajja, anayeitwa Kachumbari na wajukuu zake mwenyewe.

Jambo lililonishangaza safari ile ya kwanza ni kwamba Bi Mandari haangalii nje. Kulikuwa na kiti kidogo karibu na dereva ambacho alikigeuza, akaipa barabara mgongo na sisi akatupa uso. Tukapita vilima vya Shimba, kijani kimelowa umande, wanawake wakabandika pua kwenye vioo, na yeye anatutazama sisi tu. Nikamwambia, "Bi Mandari, geuka basi uone kilima."

"Kilima nishakiona. Hakibadiliki. Mimi nimekuja kuwatazama nyinyi mkikitazama."

Nilidhani ni mzaha, na haukuwa mzaha. Miaka mingi baadaye angeweza kumkumbusha mtu: "Wakumbuka ulivyotoa mato pale kwenye maporomoko, ukasema Subhanallah mara ngapi sijui?" Lakini ukimuuliza maporomoko yenyewe yakoje, hakujua hata kama maji huanguka upande wa kulia au wa kushoto. Amekwenda kila mahali pa kupendeza pwani hii na hajaona hata mahali pamoja. Na kwa sababu kukaa kinyume na mwendo wa gari kulimtia kichefuchefu, alinyonya ndimu yenye chumvi tangu kisiwani hadi mwisho wa safari, uso umekunjamana, huku akituambia tufurahi.

Pale alipolazimika kuona kitu, maoni yake yalikuwa mafupi. Tulipokwenda Marafa, kule kwenye lile korongo la udongo mwekundu na mweupe linalowafanya Wazungu wapige magoti na kamera zao, alichungulia mara moja na kusema, "Hapa pamekatwa keki na wageni hawakuja." Siku tuliyopanda Wundanyi, basi likaingia kwenye weupe mtupu, akaamrisha madirisha yafungwe. "Kuna mtu yuachoma taka," akasema.

"Mama, hayo ni mawingu," dereva akamwambia. Dereva wetu alikuwa Mtaita, shemasi kanisani kwao, mtu asiyesema uongo hata wa kuombwa.

"Mawingu yako juu."

"Na sisi tuko juu, Mama."

Akalipima hilo. Kisha akatuambia tufunike sufuria vizuri yasije yakaingia.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na ukweli wake, na ulikuwa mkali. Kuna bustani moja ya wanyama ambapo alimwambia mkata tiketi, "Mimi nikatie ya nusu. Mamba siwatazami, nawaogopa. Nitatazama kobe peke yake." Yule kijana akamweleza kwa upole kwamba hakuna tiketi ya kobe peke yake. "Basi nikifika kwa mamba nitafumba mato. Huyu Muhogo atanishika mkono. Ukitaka, ndoo uhakikishe." Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, watoto wakaanza kulia, na kijana akamkatia ya nusu ili dunia iendelee. Mimi nilidhani tukishaingia mambo yamekwisha. Kumbe! Tulipofika kwa mamba alisimama, akafumba macho, akanipa mkono.

"Wafanya nini sasa?" akauliza tukiwa katikati.

"Wamelala."

"Wote?"

"Wote."

"Wavivu," akasema, na hakufumbua hadi nilipomwambia tumefika kwa kobe. Kobe alikuwa mzee sana. Bi Mandari akamwamkia.

Na jambo ambalo wageni hawakuliamini walipoambiwa: mwanamke huyu aliyetawala sufuria za mtaa mzima hakujua kupika. Chai yake ilikuwa adhabu. Kitu pekee alichokiweza ni achari, achari ya embe na ndimu na pilipili ambayo ingemfufua mtu aliyezimia, na ndiyo aliyobeba kila safari kwenye hotipoti kubwa ya kijani iliyofungwa kwa leso yenye maneno Subira Yavuta Heri. Aliyempikia ni mdogo wake.

Sasa nimefika kwa mdogo wake, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha Bi Mandari.

Waliishi pamoja nyumba ile ya mbele yangu, dada wawili wajane. Mdogo alikuwa mpole, mnene kidogo, mtu wa kuswali kwa utulivu na kuomba dua ndefu, na alipika mkate wa kumimina ambao sijapata kuula kwingine. Ule mkate wa mchele na tui la nazi huwa rahisi kuharibika, ukizidi hamira unachacha na ukipungua unakuwa jiwe. Wake ulisimama, laini, una matundu madogo madogo, na harufu ya iliki iliyovuka kichochoro hadi chumbani kwangu kabla sijaamka. Basini aliitwa Mkate. Kisu cha kuukatia, chenye mpini mweusi, alikibeba mwenyewe mkobani kwa sababu hakumwamini mtu kuukata.

Siku moja tulikwenda Malindi. Tulikula, tukatembea ufukweni, kisha tukasimama msikitini wanawake waswali alasiri. Kama kawaida mimi na dereva, Wakristo wawili wa basi, tukabaki kulinda vyombo. Wakarudi, wakakaa, wakapiga gumzo. Bi Mandari akapanda ngazi na kuita. Sambusa zipo, mbaazi zipo, muhogo upo. "Mkate?" "Upo!" likaitikia basi zima, na kweli ulikuwapo, kwenye kiti, ndani ya leso yake, unanukia. "Vyombo vimetimia, twendeni."

Mkate aliyekuwapo ni yule wa mchele. Mwenyewe alikuwa bado msikitini, kwenye dua.

Tuligundua tulipofika darajani Kilifi. Wanawake walishikwa na njaa, mtu akafungua leso, mtu akauliza kisu. "Kisu anacho Mkate." "Mkate yuwapi?" Tukatazamana. Tulimpigia simu, na kikapu kilichokuwa chini ya kiti chake ndicho kilicholia.

Dereva aligeuza gari bila kuambiwa. Na nitasema nililoliona, kwa sababu walioketi nyuma hawakuliona: kwa mara ya kwanza Bi Mandari alikigeuza kiti chake, akatazama mbele. Kutoka Kilifi hadi Malindi aliikodolea macho barabara, machozi yanamtiririka, anasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, mdogo wangu," na ndimu imemtoka mkononi imebingirika chini ya miguu ya dereva. Sikuwahi kumwona mtu ameogopa hivyo.

Tukamkuta. Alikuwa barazani karibu na msikiti, kwenye nyumba ya muuza halwa mmoja aliyefiwa na mkewe, na dada zake, amekalishwa juu ya mto, mbele yake kahawa na sahani ya halwa, ametulia kama mgeni wa harusi. Bi Mandari akashuka mbio. Hofu yote ile ilipotoka mwilini mwake ilitafuta njia, na njia iliyoikuta ilikuwa ya mzaha, ndiyo aliyoizoea. Mbele ya wenyeji na basi zima akasema, "Hebu lete kisu, watu wana ndaa."

 Mdogo wake akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni kisu mlichokifuata," akasema. Akakitoa mkobani, akamkabidhi dadake, mpini mbele, kwa adabu kabisa. "Haya, nendeni mkale." Na akakataa kupanda basi.

Alilala kwa wale dada wa muuza halwa. Akarudi kisiwani siku ya pili kuchukua nguo zake, akarejea kwa wale dada. Na haukupita mwaka, yule muuza halwa akaleta posa, akamuoa, na mdogo akawa wa Malindi moja kwa moja.

Hapo ndipo ugomvi ulipoota mizizi, maana kila mmoja alikuwa na haki. Mdogo alisema, "Aniombe radhi. Aliniwata kama mwavuli." Bi Mandari alisema, "Nimuombe radhi miye? Yeye aseme ahsante! Nisingemwata, mume angempata wapi? Wenziwe wahangaika, yeye alipata kwa kuswali tu." Tukawa tunabeba maneno hayo huku na huku, kila mtu akiyapunguza pilipili njiani, na hayakusaidia kitu. Harusini Bi Mandari alikwenda, akakaa nyuma kabisa, akatoka kabla ya biriani. Kwa mtu aliyemjua, hilo la biriani lilitosha kuonyesha ukubwa wa maradhi.

Mkate wa kumimina ukapigwa marufuku basini. Ulizuka ubishi kama njia ya kuita vyombo nayo ibadilishwe, na dereva, maskini, akapendekeza tuhesabu vichwa. Bi Mandari akamwambia tatizo halikuwa hesabu, tatizo lilikuwa dua ndefu, na tangu hapo tukisimama msikitini alituma mtu mlangoni kuwahimiza. Malindi tuliendelea kwenda, kwa sababu watu wanaipenda, lakini yeye hakushuka tena. Aliswali kitini, pazia limevutwa. Akiulizwa, husema ni miguu, na wakati huo miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu.

Lakini sahani zilizungumza. Kila Ramadhani iliteremka kwenye basi la abiria kutoka Malindi sahani iliyofunikwa, haina jina, haina salamu, na ndani yake mkate wa kumimina. Nilimwona kwa dirisha akiupokea. Aliula peke yake, amegeukia ukuta. Na kwa kuwa sahani ya watu hairudi tupu, aliijaza achari na kuituma Malindi kwa basi la kesho yake, nayo haina jina wala salamu. Miaka ikapita hivyo. Mara moja nilimwambia, "Bi Mandari, si umpigie tu simu?"

"Nimwambie nini?"

"Nisamehe. Neno moja."

"Hilo neno moja," akasema, "ndilo zito kuliko sufuria zenu zote." Hakucheka aliposema, na nikaacha kumtania siku hiyo.

Kisha miguu ikaugua kweli. Ikavimba, akaanza kushuka ngazi zake kwa kukaa, ngazi moja moja. Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi Nairobi, kijana mzuri na mwenye haraka, akaja akaona, akaamua. Mama atahamia kwake. Nyumba itafungwa. Atakuja Jumapili jioni kumchukua na gari.

Siku mbili kabla ya Jumapili Bi Mandari aliniita dirishani. "Muhogo. Waambie wenzio, Jumapili kuna mandari."

"Jumapili unasafiri."

"Jioni ndiyo nasafiri. Asubuhi nina nafasi. Twenda Malindi." Akatazama chini kichochoroni. "Nairobi siogopi baridi, mwanangu. Naogopa nife huko na maneno ya kumwambia mdogo wangu yako bado kooni."

Hilo sikulisambaza, lakini halikuhitaji kusambazwa. Asubuhi ile pale Makadara hakuna aliyechelewa, na Kachumbari alikuja amevaa kama wa kwenda kuposa. Mwana alituma ujumbe kwamba yuko njiani na atamsubiri mama yake hapo hapo basi litakaporudi. Bi Mandari alipandishwa na watu wawili. Akakipita kile kiti chake cha kinyume.

"Leo nitakaa nyuma nilaze miguu," akasema. "Muhogo, weye ndiwe utakayeita vyombo. Na achari yangu isifunguliwe mpaka turudi darajani Kilifi. Ole wake mtu aifungue."

Nikakaa kwenye kiti kile. Kinatia kichefuchefu kweli. Lakini nilielewa kwa nini alikipenda, kwa sababu ukikaa pale unaziona nyuso zote, na zote asubuhi ile zilikuwa zinageuka kumtazama yeye nyuma, zikijifanya zinatazama minazi.

Malindi aligoma kushuka, kama kawaida. Akasema twende ufukweni tukatandike mikeka, yeye atapumzika garini na dereva. Nilishuka nimevunjika moyo. Tulikula, lakini chakula hakikuwa na ladha, na hata Sambusa, ambaye huongea usingizini, alikula kimya. Niliona kama tumemleta mtu hadi mlangoni na akakataa kubisha hodi. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli, nikapiga hesabu ya maneno nitakayomwambia tukifika nyumbani.

Tuliporudi baada ya alasiri, mapazia ya nyuma yalikuwa yamevutwa. Kwenye kiti kirefu niliona mto, na shuka yake imefunika kitu kilicholala, na pembeni ile hotipoti ya kijani ndani ya leso yake. Dereva akaweka kidole mdomoni.

"Mama amepumzika," akanong'ona.

Nikasimama kwenye ngazi nikaita kwa sauti ya chini, nisimwamshe. Sambusa zipo. Mbaazi zipo. Kachumbari ipo. Muhogo nikajijibu mwenyewe. "Achari?"

"Ipo," likanong'ona basi zima.

Nikasema vyombo vimetimia, twendeni.

Darajani Kilifi nikakumbuka amri. Nikaenda nyuma polepole. "Bi Mandari, tumefika Kilifi. Tufungue achari?"  Nikamgusa bega, na bega likabonyea hadi chini, maana lilikuwa mto wa pili. Nilipiga ukelele ambao nadhani wavuvi chini ya daraja waliusikia.

"Tumemwata!" Kachumbari akalia. "Ya Rabi, tumemwata!"

"Dereva, ulisema amepumzika!"

"Amepumzika," shemasi akajibu, macho barabarani. "Sikusema wapi."

Nikafungua leso, nikafungua kifuniko. Harufu ya iliki ikajaa basi zima, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Hapakuwa na achari. Palikuwa na mkate wa kumimina mzima, ungali na joto, na juu yake kimelazwa kisu chenye mpini mweusi, kile kile alichokipokea Bi Mandari barazani siku ile, ambacho nyumbani kwake sikuwahi kukiona na sikujua alikificha wapi miaka yote.

Nikapiga simu. Mara hii ililia mahali pake.

"Bi Mandari! Uko wapi?"

"Nimewatwa," akasema. Sauti yake ilikuwa imejaa chakula. "Nilikuwa nimeketi hapa barazani kwa watu, natazama huku na huku, basi limekwenda. Ndivyo mlivyo. Hata kuomba radhi hamjaniomba."

"Tunageuza gari sasa hivi!"

"Mkigeuza, miye na weye basi." Akateremsha sauti. "Muhogo, sikiza. Lile neno lilinishinda. Nimefika mlangoni, shemasi wenu amenishika mkono, likanishinda. Basi nikamwambia, haya, nami leo nawatwa, sasa tu sawa sawa. Akacheka hata akakaa chini. Mwenyewe yuko hapa aniletea mto."

Nyuma yake nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, pole na nzito kidogo: "Waambie wasigeuze. Na kisu wakirudishe."

"Na mwanao?" nikauliza. "Atakuwa Makadara anakusubiri. Nimwambie nini?"

"Mwambie vyombo vilitimia," akasema, akakata simu.

Nilikata mkate kwa kisu kile, vipande vidogo vidogo, nikiwa nalia na kucheka na nimesimama kwenye basi linaloyumba, na kila mmoja akapata. Kimoja nikakiacha.

Mwana alikuwa amesimama Makadara kando ya gari lake, funguo mkononi. Alitazama wanawake wakishuka, mmoja mmoja, wote wakimwamkia kwa heshima kubwa bila kumtazama machoni, hadi nikabaki mimi.

"Mama yuwapi?"

"Tumemwacha Malindi," nikasema. Niliona uso wake ukibadilika rangi, na kabla hajafungua mdomo nikafungua hotipoti nikamsogezea. Alinusa. Akachukua kipande, akakitafuna, kisha akakaa kwenye ngazi ya basi na suruali yake nzuri, akakimaliza chote. Alikulia kwenye harufu ile.

"Ameshakula huko?" akauliza mwishowe.

"Alikuwa anakula nilipompigia."

Akaipokea ile hotipoti, akaigeuza geuza mikononi, akachungulia ndani. Hapakuwa na kitu ila kile kisu. Akaanza kutabasamu, na alipotabasamu nikamwona mama yake.

"Kesho nitakwenda Malindi kumpelekea nguo zake," akasema. "Lakini chombo cha watu hakirudi tupu. Nitie nini humu?"

Nikamwambia asubiri, nikapanda juu kumenya muhogo.